Ukurasa wa Mihayo

Mwabundu, S.L.P. 14, Tinde
2 Februari 1993

Kwa Binti Gulnaz, mpiga chapa, Shinyanga mjini

Salamu. Mimi ni Mwalimu Wiliam Luhende, mstaafu. Daftari analokuletea kondakta wa basi ni la kwanza kati ya manne. Ni Kitabu cha Nyumba za Mwabundu: kila mtu wa kijiji hiki ana ukurasa wake, amezaliwa lini, ni mtoto wa nani, amefanya nini cha kukumbukwa. Sikuandika peke yangu. Daftari linazunguka nyumba kwa nyumba, kila ajuaye kuandika anaongeza lake na kufuta la mwenzake. Utakuta miandiko kama kumi na miwili, mingine ya kutia aibu. Hao wote niliwafundisha mimi, kwa hiyo lawama nazibeba.

Mpiga chapa niliyempelekea mwanzo alichapa vyote mfululizo, kichwa cha habari na habari yenyewe huwezi kuvitenganisha. Safari hii nimeweka alama, tafadhali uzifuate. Maneno yenye alama ya sawasawa huku na huku ni kichwa: yaweke katikati ya mstari kwa herufi kubwa. Yenye nyota huku na huku yagonge mara mbili yakolee. Jina lililo ndani ya mabano ya mraba lina ukurasa wake kwingine. Chapa namba ya ukurasa huo pembeni, msomaji ajue pa kwenda. Na penye msalaba mdogo kabla ya jina usichape msalaba, chapa neno MAREHEMU. Watu wa hapa wengi ni wa kusomewa, na msalaba hausikiki.

Alama zenyewe usichape hata moja. Yule wa mwanzo alinijazia kitabu nyota.

Wako,
Mwl. W. Luhende


Shinyanga
11 Februari 1993

Shikamoo Mwalimu,

Daftari limefika, na limeshachapwa. Alama zako nimezichapa kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani juu ya mashine. Baba kaingia dukani, kaitazama, akaniuliza ni dua ya nini. Nikamwambia ni dua ya kuepushwa na hasira za walimu.

Mambo mawili. Ukurasa wa 12 mtu ameandika kwamba mzee mmoja aliwahi kuiba mtamba. Mwingine amefuta. Wa tatu ameandika tena, na safari hii ameweka nyota mbili! Sasa nikoleze wizi wa watu? Nimeacha nafasi. Wakishamalizana nipe taarifa.

La pili ni ukurasa wa 9, wa nyumba yako mwenyewe. Umeandika mke wako Mbuke, kisha watoto wawili ndani ya mabano, Violeth na Mihayo. Violeth nimemkuta ukurasa wa 10. Mihayo nimemtafuta daftari zima, hayupo. Utepe wa mashine yangu una rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu chini. Basi kila jina lenye mabano lisilo na ukurasa nimelichapa kwa wino mwekundu, ili ujue huyo bado hajaandikwa. Wako saba.

Msalimie mama.

Gulnaz


Mwabundu
1 Machi 1993

Binti Gulnaz,

Marahaba. Kazi yako ni safi, sikutegemea. Hiyo ya wino mwekundu ni akili kubwa, ningekuwa bado darasani ningekupa alama zote.

Nikueleze tunavyosoma. Jumapili tukitoka kanisani watu wanakusanyika uani kwangu, Violeth anasoma kwa sauti maana macho yangu sasa ni ya kukisia. Kila anapofika kwenye neno MAREHEMU, watu wote wanajibu kwa pamoja, "Apumzike." Hakuna aliyewafundisha, walianza wenyewe. Siku hizi hata watoto wanajibu huku wanacheza. Kisha wanapewa daftari jipya wasahihishe, na ugomvi unaanza.

Majina sita kati ya yale mekundu yameshaandikwa. Limebaki moja. Mke wangu hajui kusoma, lakini rangi anaiona. Alishika karatasi akaniuliza, "Baba Violeth, mbona la mwanangu peke yake ni jekundu?" Nikamwambia Mihayo yuko machimboni Geita, akirudi ataandika ukurasa wake kwa mkono wake. Alifurahi.

Naongeza alama moja. Kitu chochote nilichokizungushia kiboksi kwa kalamu, hicho ni maneno yangu kwako. Usikichape. Na hii usiibandike ukutani, iwe ya sisi wawili.

Mwl. Luhende


Shinyanga
12 Machi 1993

Shikamoo Mwalimu,

Sawa, kiboksi nimekielewa, nimekiweka kichwani. Cha kwanza kilinichekesha peke yangu kama mwehu: "Doa la ukurasa wa 31 ni pombe ya Maige, uniwie radhi." Mteja alinitazama akadhani namcheka yeye.

Lakini kile cha ukurasa wa 38! Umeandika kwamba Mama Violeth amemposea Mihayo, kwamba msichana ni Paskalia binti Maige, na ng'ombe kumi na wawili watatoka baada ya mavuno. Hongera sana jamani! Sasa Mwalimu, habari ya furaha kama hiyo mbona umeifungia kwenye kiboksi? Ingefaa iwe na nyota sita. Mwambie bwana harusi alete ukurasa wake haraka, nimechoka kubadilisha rangi kwa ajili yake peke yake.

Baba yangu haendelei vizuri. Kifua. Utuombee.

Gulnaz


Mwabundu
18 Aprili 1993

Mwanangu Gulnaz,

Pole kwa baba. Nimeanza barua hii mara nne.

Mihayo hayupo. Alifukiwa tarehe 14 Septemba mwaka jana. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, liliporomoka wakiwa ndani watatu. Mwenzake aliyesalimika alikuja hadi shuleni, nilikuwa sijastaafu bado, nasahihisha madaftari ya watoto, akanipa shati na kitambulisho cha kura. Akaniambia walimtoa wakamzika huko huko. Nikamshukuru, nikamnunulia soda, akaondoka na gari la jioni. Nikarudi nyumbani nikala.

Mbuke ameshazika watoto watatu kabla ya hao wawili. Nilisema nitamwambia kesho yake. Kesho yake alikuwa anaumwa jino. Baada ya hapo nikasema mvua zikinyesha, tukishapanda. Kumbe kila siku ninayonyamaza inakuwa kosa jipya, na sasa nikimwambia lazima nimwambie na siku zote nilizokaa nalo. Amekwenda mwenyewe kwa Maige kuposa. Amesuka ungo wa kumpokelea mkwe. Mimi nakaa pale pale nasema ndiyo, ndiyo.

Nilifundisha miaka thelathini na moja. Nasimama mbele ya watu sitini nasema chochote. Hili halitoki.

Umebaki wewe peke yako unayejua. Nisamehe kwa kukubebesha.

W. L.


Shinyanga
27 Aprili 1993

Shikamoo Mwalimu,

Pole. Pole sana, sana. Nimelia dukani nikasingizia mafua. Nilivyotania kuhusu bwana harusi, laiti ningekatwa vidole.

Lakini nakuomba, na ninaomba kama binti yako: mwambie mama. Leo. Usiangalie jino wala mvua. Ng'ombe hawajatoka bado. Wakishatoka, Paskalia atakaa kwenu kama mke wa nani? Yule naye ni mtoto wa watu.

Sitamwambia mtu yeyote, siri yako iko salama. Lakini inanikosesha usingizi mimi nisiyemjua hata mama huyo kwa sura, sembuse yeye akija kujua.

Niandikie neno moja tu, "Tayari."

Gulnaz


Shinyanga
5 Juni 1993

Mwalimu, shikamoo,

Hujaniandikia, kwa hiyo najua bado.

Nampeleka Baba Mwanza hospitali, tutakaa wiki tatu au zaidi. Mashine namwachia binamu yangu Pinky. Ana vidole vyepesi na ni mtiifu, anafuata karatasi ya ukutani herufi kwa herufi. Lakini hiyo ya ukutani ndiyo yote anayoijua. Kiboksi hakijui, wewe mwenyewe ulisema iwe ya sisi wawili. Kama daftari la nne lina chochote ndani ya kiboksi, tafadhali usilitume. Lisubiri mpaka nirudi.

Gulnaz


Shinyanga
25 Juni 1993

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Luhende,

Shikamoo. Mimi ni Pinky, namshikia Dada Gulnaz nafasi. Daftari la nne nimelipokea tarehe 16 na leo nimelimaliza. Nimefuata karatasi yote, vichwa katikati, nyota nimegonga mara mbili. Jina la mwanao kwenye ukurasa wa 9 nimelirudia kwa wino mweusi, kwa kuwa sasa ukurasa wake upo, ni wa 61.

Huo wa 61 uliuchorea boksi, nami nimeuchorea fremu kwa rula nikaweka na maua kwenye pembe. Natumaini utapendeza. Poleni sana kwa msiba.

Wako mtiifu,
Pinky


Mwabundu
6 Julai 1993

Kwa wenye duka,

Sijui niwasalimie vipi, kwa hiyo siwasalimii. Mimi ni Violeth, mtoto wa Mwalimu Luhende, ndiye ninayesoma kitabu.

Jumapili tarehe 4 uani palikuwa pamejaa. Akina Maige walikuwepo wote, Paskalia kakaa mkekani na mama, maana ng'ombe walikuwa watoke Jumatano hii. Bahasha yenu baba alinipa ikiwa bado imefungwa kwa gundi. Nilisoma tangu ukurasa wa 48. Nasoma mimi kama ninavyosoma siku zote, macho yapo mstari huu na mdomo upo mstari wa juu. Nikasoma, "MAREHEMU MIHAYO, mwana wa Wiliam na Mbuke."

Wakajibu, "Apumzike."

Wote. Na mama akajibu. Nilimsikia kabisa sauti yake kando yangu, anachambua mchele na kichwa kainamisha, anamjibia mwanawe "Apumzike" kama anavyowajibia wengine. Halafu mkono wake ukasimama kwenye ungo. Akaniambia, "Mayu, rudia hapo." Mama yangu ananiita mayu anaponibembeleza. Mimi sikurudia. Akaniambia tena, "Rudia, mayu, nani?" Paskalia ndiye aliyeanza kupiga kelele.

Na mmechora maua! Nani alisema mchore maua? Mmepata wapi habari ya kifo ambayo sisi wenyewe hatuna? Tangu Jumapili baba amekaa upenuni mwa nyumba na mikono magotini. Kama mmetunga, mtajibu kwa Mungu. Kama ni kweli, nani aliwaambia ninyi kabla ya mama yangu?

Violeth Wiliam


Shinyanga
19 Julai 1993

Mwalimu,

Nimerudi juzi. Baba yu hai, anashindwa ngazi tu. Nimekuta barua ya Violeth iko juu ya mashine na Pinky hali chakula.

Sijui nianzie wapi kuomba radhi. Kosa ni langu mimi, si la mtoto huyu. Ningemwambia habari ya kiboksi, yasingetokea. Nilidhani nikikuandikia wewe inatosha. Labda barua yangu ya tarehe 5 Juni ilipotea njiani, kondakta naye siku hizi ni mlevi. Nilikuandikia daftari lisubiri. Haikufika?

Pinky ameuchana ule ukurasa wa nakala yetu, akauchoma. Amesema hatagusa mashine tena. Ana miaka kumi na saba. Anasema kila akifumba macho anaona yale maua aliyochora, na anaona alivyokuwa amefurahi kuyachora.

Violeth nimemjibu kwa kifupi. Nimemwambia hatukutunga. Zaidi ya hapo sikusema, hayo ni yako.

Tusamehe. Mwambie mama atusamehe.

Gulnaz


Mwabundu
30 Julai 1993

Mwanangu Gulnaz,

Barua yako ya tarehe 5 Juni ilifika. Nilisaini kwa kondakta tarehe 8, jina langu liko kwenye daftari lake.

Niliisoma mara mbili. Wakati huo ukurasa wa 61 haukuwepo. Nilikaa na lile daftari siku tano, halafu nikaandika jina la Mihayo na msalaba mbele yake, siku aliyozaliwa, siku aliyofukiwa. Nikazungushia kiboksi. Nikampa kondakta.

Nilijua Pinky hajui kiboksi. Wewe ndiye uliyeniambia. Nikazungusha hivyo hivyo, ili nikiulizwa niseme, lakini mimi nilikataza, tazameni, nilikataza. Bahasha ilipofika sikuifungua. Niliipima mkononi nikampa Violeth. Nilijua Maige wote watakuwepo na ng'ombe hawatatoka. Hilo la "Apumzike" sikulifikiria. Naapa sikulifikiria. Nililisikia likija na mimi mwenyewe midomo yangu ilikuwa inalisema.

Mwambie mtoto yule hana kosa lolote. Alifanya kilichoandikwa ukutani. Nimemtumia mtoto wa mwenzangu kusema neno langu, na mwanangu wa kumzaa nimemfanya aliseme mbele ya mama yake. Mwalimu mzima.

Violeth nimempa barua yako ya Aprili aisome. Sasa anajua nani alimwambia nani. Amehamishia kitanda chake chumba cha mama.

W. L.


Mwabundu
22 Agosti 1993

Dada Gulnaz,

Ni Violeth. Uniwie radhi kwa barua ya kwanza, na Pinky umwambie hivyo hivyo. Hii ni ya mama. Anasema, mimi naandika, na amenikataza nisiongeze neno.

"Gulnaz ng'wana wane, mwanangu, mimi ni Mbuke. Sina hasira na ninyi. Nimeambiwa ulimsihi anieleze, nikasomewa maneno yako. Ahsante. Wewe hukuwahi kula kwangu na umenionea huruma.

"Paskalia amerudi kwao. Nimempa ule ungo, akatae au akubali ni shauri lake. Tumelilia shati, maana mwili hatuna.

"Nina jambo moja. Mwanangu alizikwa wapi? Kitabu kinasema amezaliwa, kinasema amefukiwa, hakisemi amelazwa wapi. Geita ni kubwa. Nimemuuliza baba yake asubuhi, nimemuuliza mchana. Nikimuuliza anainuka anatafuta kalamu. Ananiwekea karatasi karibu na mafiga. Mimi karatasi nitaifanya nini? Violeth sitaki anisomee tena kitu cha mkono wa baba yake, imetosha aliyosoma.

"Wewe anakujibu. Miezi yote hiyo alikuwa anakuambia wewe. Basi niulizie. Nataka kujua ni kaburi la upande gani, kuna mti au jiwe, nikifika nimuulize nani. Nataka nikakae hapo siku moja tu, nirudi. Nitakwenda na miguu yangu mpaka Kahama nipande gari."

Mwisho wa maneno ya mama.

Violeth


Shinyanga
31 Agosti 1993

Mwalimu,

Mkeo ameniandikia, kwa mkono wa Violeth. Anauliza Mihayo alizikwa wapi, na akifika amuulize nani. Yule kijana aliyekuletea shati lazima alikuambia.

Mashine nimeifunika. Kitabu chako sitakimalizia, kurasa zilizobaki narudisha kwa kondakta huyu huyu pamoja na madaftari yote manne. Tafuta mwingine, au acha.

Nilianza kukuomba uniandikie jibu ili nimpelekee mama. Nimeichana karatasi hiyo. Sasa hivi umekaa na barua yangu mkononi, na yeye yuko hatua kumi kutoka ulipo, anapepeta au anakoka moto. Umbali wote huu mmeniweka mimi katikati, na nyumba ni moja.

Jibu usiniandikie. Barua yoyote yenye mwandiko wako ikifika hapa nitairudisha haijafunguliwa. Weka kalamu chini, Mwalimu. Nenda jikoni umwambie.

Gulnaz